Shaba Iliyokatuliwa

(Mazungumzo ya redioni, kipindi cha ibada ya asubuhi. Masomo: Walawi 6:24-30, Wagalatia 6:1-5)

 

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni kukatua. Si muda mrefu uliopita nililitaja katika mahubiri, na baada ya ibada kijana mmoja akanifuata mlangoni akaniuliza, "Kasisi, ulisema Mungu atatukata?" Sikumcheka. Huku bara neno hili halisikiki sana, na mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni habari ya kisu na panga. Sivyo. Kukatua ni kusugua kitu cha madini, hasa cha shaba, mpaka uchafu wake utoke nacho king'ae tena kama kilivyong'aa siku kilipotoka mkononi mwa fundi. Nguo hufuliwa. Sahani huoshwa. Sakafu hupigwa deki. Shaba hukatuliwa, na kazi ikiisha husemwa kwamba imekatuka.

Mimi nililijifunza neno hili kabla sijajua kusoma. Nilikulia Mombasa, na ng'ambo ya njia yetu alikaa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza kahawa. Alikuwa na dele la shaba, lile la mdomo mrefu, lenye jiko la makaa chini yake. Kila siku alasiri, kabla hajatoka kwenda kuuza, alikaa kizingitini akalikatua. Alichukua ndimu iliyokwisha kukamuliwa, akaichovya katika majivu laini, akasugua, kisha makumbi ya nazi, kisha maji, kisha kitambaa kikavu. Sisi watoto tulimzunguka. Tulipenda kuziona nyuso zetu tumboni mwa lile dele, pana na za kuchekesha. Siku moja nilimwuliza, "Babu, kwa nini usilipake rangi ya dhahabu, ukapumzika?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu amtazamaye mtoto asiye na akili, akasema, "Mwanangu, rangi haijui moto."

Sikumwelewa siku ile. Nimemwelewa nikiwa mtu mzima, na sikumwelewa kwa njia rahisi, kama nitakavyowaeleza hivi punde.

Nilipokwenda chuo cha theolojia tulifundishwa Kiebrania kidogo. Nakiri kwamba mengi nimeyasahau. Lakini neno moja lilinikaa, kwa sababu nilipolikuta nilinusa ndimu na majivu. Ni neno marak, nalo maana yake ni hiyo hiyo, kusugua mpaka king'ae. Katika Agano la Kale limetumika mahali pachache sana, mtu anaweza kupahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mahali lina habari yake.

Nabii Yeremia analitumia katika mlango wa 46, akisema juu ya jeshi la Farao Neko lililopigwa na Wababeli huko Karkemishi, mwaka wa 605 kabla ya Kristo. Anawasikia wakubwa wa Misri wakiamuru: wafungeni farasi, pandeni, vaeni chapeo, ikatueni mikuki. Kila kitu kinameta. Ukisoma mstari unaofuata tu, watu wale wale wamegeuka nyuma, wanakimbia bila kutazama. Mikuki ilikatuliwa vizuri kabisa, na haikuwafaa kitu. Yeremia haongezi maneno mengi hapo, nami sitaongeza.

Katika kitabu cha Esta linatoka jina lililozaliwa na neno hilo. Ni lile la mafuta na manukato waliyopewa wasichana kabla ya kuingia kwa mfalme Ahasuero, miezi sita kwa mafuta ya manemane, na miezi sita kwa manukato mengine. Mwaka mzima wa kusuguliwa! Na jambo la kupendeza ni kwamba Kiswahili nacho kimekwenda njia hiyo hiyo bila kuagana na Kiebrania. Karibu na kukatua tuna neno kukwatua, na mwanamke aliyejipamba akapendeza husemwa kwamba amejikwatua. Dele na bibi arusi wamekutana katika neno moja, huku kwetu na huko kwa Wayahudi.

Kuna mahali pengine tena, Mithali 20:30, ambapo neno la ukoo huo linatajwa pamoja na mapigo na majeraha. Mstari huo ni mgumu kuliko unavyoonekana, na wenye elimu ya Kiebrania wamebishana juu yake muda mrefu. Lakini nimewahi kukaa katika nyumba ambamo mume aliutaja mstari huo huku mkewe amefunga kitambaa kichwani kuficha jeraha. Basi niseme waziwazi redioni, mwenye masikio na asikie: mstari huo haukuandikwa ili umpe mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Na tuendelee.

Mfalme Sulemani alipojenga Hekalu alimleta fundi Hiramu kutoka Tiro, naye akamfanyia masufuria na majembe na vyombo vingine vya shaba. Vilisubiwa katika nchi ya udongo ya bonde la Yordani, vikawa vingi hata uzani wake haukujulikana. Mambo ya Nyakati yanatuambia kwamba shaba ile ilikatuliwa. Angalia ni vyombo gani hivyo. Si taji ya mfalme. Ni masufuria ya kuchemshia nyama na majembe ya kuzolea majivu! Vyombo vya jikoni, vya moshi na mafuta, ambavyo kesho yake asubuhi vingekuwa vyeusi tena. Navyo vikang'arishwa kama kioo.

Na nikitaja kioo nakumbuka kwamba watu wa zamani hawakuwa na vioo kama vyetu. Kioo chao kilikuwa kipande cha shaba kilichokatuliwa. Kutoka 38:8 inasema kwamba Bezaleli alilifanya birika la kunawia makuhani kwa shaba ya vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Kila mama alitoa kioo chake. Sijui kama akina baba wanaonisikiliza wamewahi kufikiri gharama ya sadaka ile.

Sasa nifike mahali ninapotaka kukaa, yaani Walawi mlango wa 6. Ni sheria ya sadaka ya dhambi. Nyama ya sadaka ile ilichemshwa mahali patakatifu, na Musa akaambiwa chombo kifanywe nini baada ya hapo. Kama nyama imechemshwa katika chungu cha udongo, chungu kivunjwe. Kama imechemshwa katika chombo cha shaba, chombo kikatuliwe na kusuuzwa kwa maji.

Kila mama wa jikoni anaijua sababu. Udongo hunywa. Mafuta huingia ndani ya ngozi ya chungu, na huwezi kuyatoa hata ukisugua mpaka jioni. Shaba haimezi, uchafu hukaa juu yake, hata uwe mweusi na mgumu namna gani. Kwa hiyo swali linaloamua chombo kivunjwe au kirudishwe kazini si swali la ukubwa wa uchafu. Ni swali la chombo chenyewe kimefanywa kwa kitu gani.

Miaka kadhaa iliyopita, mwaka wa 2012, nilikuwa kasisi katika parokia moja ya bara ambayo sitaitaja. Akina mama wa kanisa lile walikuwa wakichanga fedha za mabati. Walichanga shilingi 20 kila Jumapili. Wengine waliuza mayai, wengine walilima vibarua Jumamosi. Fedha zilikabidhiwa mweka hazina wa kanisa, mtu niliyempenda na kumwamini, msomaji mzuri wa masomo, ambaye hakukosa ibada hata siku ya mvua. Usiku mmoja alinijia nyumbani. Alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia kwamba ametumia shilingi 64,000 za mabati kumlipia mwanawe karo, akitumaini kuzirudisha atakapopokea bonasi ya majani chai. Bonasi ikaja ndogo.

Alilia, nami nikalia. Tulipiga magoti. Nikamwambia kwamba Mungu amemsamehe, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ndugu zangu, nikaongeza kosa langu juu ya kosa lake. Nilimwambia alipe kidogo kidogo, nami nitanyamaza. Akina mama walipouliza mabati yatanunuliwa lini, nikawajibu kwamba fedha zimecheleweshwa benki. Mimi, kasisi, nimevaa kanzu, mbele ya altare. Niliona ni upendo. Nilisema moyoni kwamba namrejesha ndugu aliyeanguka, kama Paulo anavyowaagiza Wagalatia.

Nilikuwa nimechukua brashi na kopo la rangi.

Rangi haikukaa mwaka. Katika mkutano mkuu wa kanisa mama mmoja mzee, mjane, alisimama akaomba kitabu cha benki kisomwe mbele ya watu. Kikasomwa. Sitawaeleza kelele za siku ile. Wazee wengine walitaka yule ndugu atolewe kanisani siku hiyo hiyo, jina lake lifutwe, asionekane tena. Mmoja alisema kwamba mwizi ni mwizi. Yeye mwenyewe alikaa kitako mwisho wa benchi, ameinamisha kichwa, wala hakujitetea. Nami nikasimama nikaanza kusema habari za msamaha.

Yule mama mzee hakuniacha nimalize. Aliniambia, "Baba Kasisi, keti kwanza. Msamaha tunaujua. Sufuria ikiungua hatuitupi, tutapikia nini? Lakini pia hatuifuniki kwa kitambaa cha maua tukaiweka kabatini. Mwacheni ndugu yetu tumsugue. Nawe utasuguliwa."

Sijui kama mama yule alikuwa amewahi kusoma Walawi mlango wa 6. Nilikuwa nimesoma mimi, tena kwa Kiebrania.

Jumamosi iliyofuata yule ndugu alisimama mbele ya akina mama wote. Haikuwa ibada, tulikaa chini ya mti. Alitaja hesabu, shilingi 64,000, akaeleza alizichukua lini na lini. Kisha wao wakasema. Huo ndio majivu na ndimu. Mama mmoja alieleza kwamba alikwenda bila dawa ya kifua wiki mbili ili asikose kuchanga. Mwingine alisema amekuwa akimwambia mumewe, asiyeamini, kwamba fedha za kanisa hazipotei. Na sasa atamwambia nini? Yule ndugu alisikiliza kila mmoja. Nilimwona jasho likimtoka, na mchana ule haukuwa wa jua. Aliuza mtamba wake, na deni lililobaki akalilipa kwa miezi kumi na minne. Muda huo hakuikaribia Meza ya Bwana.

Mimi nami nilisimama chini ya mti ule. Kusema "niliwadanganya" ni maneno machache, lakini yalinichuna midomo. Baadaye nilimwandikia askofu barua, akaniita, na hayo aliyoniambia nayaweka moyoni.

Yule mzee wa dele alikuwa na haki. Rangi huongeza kitu juu ya kutu, na kutu huendelea kula chini yake. Kukatua hakuongezi kitu. Hupunguza. Huondoa kila kisicho shaba, basi. Ndiyo maana huumiza, na ndiyo maana kinachobaki huweza kurudi motoni.

Ningependa kuishia hapo, maana hadithi ingependeza. Lakini kuna upande wa pili, nao husahauliwa mno katika makanisa yetu.

Katika makanisa fulani ya zamani utaona vibao vya shaba ukutani, vyenye majina ya watu waliokwisha kulala. Vingine huwezi kuvisoma tena. Havikuharibiwa na adui. Viliharibiwa na watu wema, waliovisugua kila wiki kwa Brasso miaka na miaka, mpaka herufi zikafutika. Kila ukatuapo unachukua na shaba yenyewe kidogo. Mwenye mkono mzito, asiyejua kuacha, atachukua jina.

Yule ndugu alimaliza kulipa, akarudishwa kwenye Ushirika Mtakatifu. Mabati yakanunuliwa, yakaezekwa. Lakini kila mkutano, ikifika habari ya fedha, mtu mmoja alikohoa na kusema, "Tusije tukaibiwa tena." Watu wakacheka. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Mkewe akaacha kuja katika Umoja wa Akina Mama. Mwanawe, yule aliyelipiwa karo, akaacha kabisa kuja kanisani. Akiwa likizo alikaa nyumbani Jumapili, amefunga mlango. Hao hawakuwa wameiba kitu. Tulikuwa tunasugua mahali palipokwisha kuwa safi, na shaba ilikuwa ikiondoka.

Paulo anapowaandikia Wagalatia wamrejeze mtu aliyeghafilika, neno lake la Kiyunani ni lile lile linalotumika katika Injili ya Marko kwa habari ya Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi akitengeneza wavu hufunga tundu, kisha huutupa wavu baharini. Hakai ufuoni kila siku akiwaonyesha watu, "Tazameni, hapa ndipo ulipotatuka." Tena Paulo anaagiza ifanywe kwa upole, na anayeifanya ajiangalie nafsi yake. Nilipousoma mstari huo mbele ya baraza la kanisa nilisema kwamba mimi nina sababu ya kujiangalia kuliko wote waliokuwamo, na kwamba tangu siku ile mtu yeyote atakayelitaja jambo lile mkutanoni, ataanza kwanza kutaja la kwake. Walinyamaza. Mzee mmoja hakuridhika. Hata nilipohamishwa parokia ile mzee huyo alikuwa bado hajakaa benchi moja na yule ndugu, nami sikuweza kumlazimisha. Namwombea.

Mtaniuliza kama alirudishiwa hazina. Hakurudishiwa, wala hakuomba. Kuna watu wanaodhani kwamba kusamehe ni kumkabidhi mtu funguo zile zile siku ile ile; mimi sidhani hivyo. Dele likikatuka si lazima liwekwe tena jiko lile lile. Lakini lisikae kabatini pia. Vijana walipoanza kuchimba msingi wa nyumba ya mchungaji, alikuja na jembe lake bila kuitwa, akachimba nao siku sita. Jembe lilikuwa limekaa darini muda mrefu, limeshika kutu jekundu. Hakuna aliyelisugua. Siku ya sita nililiona limesimamishwa ukutani, na ncha yake inameta. Udongo ulikuwa umelikatua.

Mama yule mjane ndiye aliyemtilia chai. Alimwita "mwanangu", akamwambia anywe kabla haijapoa, na amwambie mkewe kwamba Alhamisi akina mama wanasuka mikeka, nao wana upungufu wa mikono.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, asubuhi hii yuko mtu anayesikiliza ambaye kosa lake linajulikana kwake tu na kwako. Mpe leo mtu wa kumwambia. Yuko na mwingine ambaye kosa lake kila mtu analijua, naye amelilipa, na bado analisikia likitajwa njiani na dukani. Mfunike. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.